Mashindano ya kulenga shabaha na kujihami kwa bastola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu anayemiliki bastola kihalali kwa ajili ya kujihami na anajiuliza kama kushiriki mashindano kutamjenga au kutampa mazoea yatakayomponza siku ya hatari.

Kwa ufupi: yanasaidia au yanadhuru?

Yanasaidia, kwa sharti kwamba yasiwe ndiyo mafunzo yako yote. Mashindano yanakufundisha kupiga. Hayakufundishi kama unapaswa kupiga. Lakini tusiidharau hiyo nusu ya kwanza. Mtu ambaye mkono wake unatoa bastola, unalenga na kubadilisha magazini bila kufikiri, akili yake inabaki huru kumtazama aliye mbele yake: ameshika nini, anarudi nyuma au anasogea, nani amesimama nyuma yake. Anayehangaika bado na silaha yake hana nafasi ya kuyaona hayo. Ufundi ukishakuwa mazoea, uamuzi unapata muda. Madhara huanza pale mtu anapodhani kwamba kwa kuwa anashinda vikombe, na uamuzi nao ameshaujua.

Ni mashindano gani hasa?

Yale ya bastola yanayochanganya mwendo, muda na usahihi. IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya namna hii, iliundwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, mkufunzi wa ulengaji wa Marekani. Kaulimbiu yake ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas, inataja usahihi, nguvu na kasi. USPSA ni tawi lake la Marekani. IDPA, chama cha mashindano ya bastola za kujihami, ilianzishwa mwaka 1996 na watu walioona kwamba silaha za mchezo zimekwenda mbali mno na zile mtu anazobeba mwilini. Huko mshiriki huvaa vazi linaloficha bastola na hulazimika kutumia kinga, yaani kitu cha kujikinga nyuma yake, na kituo kimoja (sehemu moja ya mashindano yenye shabaha zake) hakizidi risasi 18, ilhali kituo kirefu cha IPSC kinaweza kufika 32. Steel Challenge ni sahani za chuma na kasi tupu.

Ulengaji wa Olimpiki ni somo jingine. Unajenga kidole kizuri na subira, ila hauna kutoa silaha kwenye mfuko wake wa kiunoni (holster) wala kutembea nayo.

Mashindano yananipa nini ambacho mazoezi yangu ya kawaida hayanipi?

Kwanza, kipimo kisichokubembeleza. Ukiwa peke yako uwanjani unasimama mita 7 kutoka kwenye karatasi, unapiga taratibu, matundu yanakaa pamoja, unarudi nyumbani umeridhika. Siku taima (saa ya kupimia muda) inapolia na watu wanakutazama, matundu yale yale yanatawanyika. Taima inasikia kila mlio na kuandika muda wa risasi ya kwanza na nafasi kati ya risasi moja na nyingine. Ikikuambia kwamba risasi yako ya kwanza ilitoka baada ya sekunde 3.4, hakuna la kubishana.

Pili, maswali yanatungwa na mtu mwingine. Sisi sote tukijipangia mazoezi tunachagua yale tunayoyaweza. Mashindano yatakuletea shabaha iliyofunikwa nusu mita 20 mbele, yatakuinamisha chini ya ukuta, yatakutaka upige kwa mkono dhaifu, na yatakuletea shabaha inayoyumba pembeni mwa karatasi nyeupe ambayo ni mwiko kuigusa. Udhaifu ambao hukuujua unaonekana kabla ya saa sita mchana.

Tatu, na hili ndilo watu wengi hulisahau, ni usalama wa kushika silaha ukiwa na haraka. Msimamizi anakufuata hatua kwa hatua, macho yake kwenye kidole chako na kwenye mtutu. Mtutu ukivuka pembe salama (kwa kawaida digrii 90 kila upande kutoka mbele), ukidondosha bastola, kidole kikiingia kwenye kifyatulio wakati unatembea, au risasi ikitoka bila kukusudia wakati unabadilisha magazini, unaondolewa kwenye mashindano yote, si kituo kile tu. Baada ya miezi michache kidole kinajinyoosha juu ya fremu chenyewe kila mguu unapoinuka. Tunaamini faida hii peke yake inatosha kumfanya kila mwenye bastola ahudhurie, kwa sababu watu wanaoumizwa na silaha zao wenyewe kwa kutojua kuzishika ni watu ambao wangeweza kuepushwa.

Nne, vifaa vinafichuliwa. Magazini isiyoshuka yenyewe, skrubu ya kilengeo cha nukta nyekundu iliyolegea, mfuko wa bastola unaopanda na silaha unapoivuta, vazi linalonasa kwenye mpini: afadhali uyajue haya uwanjani.

Wanasema mtu hupigana jinsi alivyofanya mazoezi. Si ndiyo hatari yenyewe?

Mazoea hujenga tabia, hilo halina ubishi. Ila mfano unaotolewa mara nyingi kuthibitisha hilo una kasoro. Aprili 1970, huko Newhall, California, maofisa wanne wa doria ya barabara kuu waliuawa katika mapambano yaliyodumu dakika chache. Ikasambaa habari kwamba mmoja wao alikutwa na maganda ya risasi mfukoni, kwa sababu uwanjani walizoezwa kuyaokota badala ya kuyaacha yaanguke. Waliolichunguza tukio hilo upya baadaye walieleza kwamba maganda yalikuwa ardhini.

Kwa hiyo usiogope kila tabia ya uwanjani kana kwamba itakuua. Jiulize swali jembamba zaidi: kitendo hiki ninakirudia mara ngapi, na je, kikitokea chenyewe mahali pabaya kitanigharimu nini?

Basi tabia zipi za mashindano ni hatari kweli?

Ya kwanza ni ile ya mwisho wa kituo. Risasi ya mwisho ikitoka, mshiriki anashusha bastola, anachomoa magazini, anavuta slaidi, anaonyesha chemba tupu, yote ndani ya sekunde mbili tatu. Akifanya hivyo mara elfu, amejizoeza kuitoa risasi silaha yake mara tu anapodhani mambo yamekwisha. Katika shambulio la kweli, kudhani mambo yamekwisha ni kosa la kawaida kabisa. Tiba yake ni rahisi na hakuna kanuni inayoikataza: baada ya risasi ya mwisho baki na bastola juu ya shabaha, toa kidole kwenye kifyatulio, tazama shabaha zote ulizopiga, pumua mara moja, ndipo ungoje amri ya kutoa risasi. Muda umeshasimama kwenye mlio wako wa mwisho, hivyo hupotezi chochote.

Inafuata ile ya kurudisha bastola kwenye mfuko wake kwa mbwembwe. Hakuna sababu hata moja duniani ya kuirudisha haraka. Vuta vazi pembeni, tazama mdomo wa mfuko, kidole kikiwa kimenyooka, ingiza polepole. Shati au kamba ya koti ikiingia ndani ya kilinzi cha kifyatulio, risasi inapita pajani.

Kuna kusimama wazi. IPSC haina kinga kwa maana ya ulinzi. Kuta zake ni vizuizi vya kuona tu, na mwenye kasi huzisogelea au huzipita akipiga huku mwili wake wote uko nje. IDPA inakutaka upige ukiwa nyuma ya kinga na kuzifungua shabaha moja moja kutoka pembeni, lakini hata huko mstari umechorwa chini na watu hujifunza mstari badala ya kujifunza kinga. Usisahau pia kwamba mlango wa mbao na ukuta wa jipsamu vinakuficha tu, risasi inapita.

Kuna risasi mbili kwa kila shabaha. Mkono unazoea "mbili, geuka, mbili, geuka". Mtu halisi si karatasi: anaweza kusimama baada ya moja, au hata baada ya kuiona bastola tu, na kila risasi baada ya tishio kukoma utaulizwa mahakamani. Mwingine hasimami hata baada ya nne. Katika mazoezi yako binafsi badilisha idadi, mara moja, mara tano, mara tatu, na mwenzako ndiye apaze sauti ya kusimama.

Na kuna kubwa kuliko zote, ambalo halina tiba ndani ya mchezo. Kila kituo kimepitiwa kabla. Unajua shabaha ziko wapi, ni ngapi, na kwamba ya kahawia inapigwa na nyeupe inaachwa. Hakuna kituo ambacho jibu sahihi ni kutopiga kabisa, au kufunga mlango na kupiga simu, au kukimbia. Maishani hayo ndiyo majibu sahihi mara nyingi zaidi.

Mfumo wa alama unaweza kunipotosha?

Unaweza, na hesabu yake inaonyesha jinsi. Chukua shabaha sita, risasi mbili kila moja, jumla 12. Katika IPSC na USPSA alama zako zinagawanywa kwa sekunde. Eneo la kati ni alama 5, na kwa risasi za nguvu ndogo eneo linalofuata ni 3. Mlengaji wa kwanza anaweka zote 12 katikati kwa sekunde 8: 60 kwa 8, anapata 7.5. Wa pili anaweka 8 katikati na 4 nje kidogo kwa sekunde 6.5: 52 kwa 6.5, anapata 8.0. Wa pili ndiye mshindi.

Sasa wahesabu hao hao kwa IDPA, ambako kila alama iliyopotea huongeza sekunde moja. Wa kwanza anabaki na 8.0. Wa pili, kama zile nne zimeangukia eneo la kupoteza alama moja, anafika 10.5. Ameshindwa vibaya.

Hakuna mfumo ulio mwongo hapa. Kila mmoja unauza usahihi kwa bei yake. Kwa anayejihami bei iko juu kuliko yote miwili, kwa kuwa risasi iliyokosa haipotei, inaendelea hadi ikutane na kitu au mtu. Shindana kwa mfumo wowote, lakini ukirudi nyumbani soma kwanza karatasi za alama zako, kisha ndipo usome muda.

Woga wa mashindano ni sawa na woga wa kuuawa?

Hapana. Vinafanana kwa upande mmoja tu: moyo unadunda, mikono inatetemeka, unasahau ulichopanga. Kuyazoea hayo kuna faida, na ni bora kuliko kutoyaonja kabisa. Ila anayeogopa kufa anaweza pia kuona kama kupitia bomba jembamba, asisikie milio ya bastola yake mwenyewe, na akumbuke matukio kwa mpangilio usio sahihi. Taima haikuletei hayo.

Nishindane na bastola gani?

Ile unayobeba, kwenye mfuko ule ule, mahali pale pale kiunoni, na chini ya nguo zile zile kama kanuni zinaruhusu. Bastola ya mbio yenye kifyatulio chepesi, kipunguza teke na mfuko wa wazi uliotolewa mbele ya nyonga ni chombo kizuri sana kwa kazi yake, lakini mkono ulioizoea utaitafuta bastola mahali isipokuwepo. Kama unapenda mchezo kiasi cha kununua ya pili, walau fremu, pembe ya mpini na aina ya kilengeo vifanane, na uanze kila mazoezi kwa kutoa mara kumi ile ya kubeba.

Uangalie pia usalama wa kimitambo. Bastola yenye kizuizi cha kidole na isiyo nacho zikichanganywa, ipo siku utavuta kifyatulio kisichovutika.

Na risasi?

Za mashindano hutengenezwa zipite kiwango cha chini cha nguvu tu. Kiwango hicho hupatikana kwa kuzidisha uzito wa risasi kwa greni na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha kugawa kwa 1,000. Risasi ya greni 124 inayokwenda futi 1,050 inatoa 130, nayo mpaka wa nguvu ndogo ni 125. Teke lake ni laini. Risasi za kujihami mara nyingi hupiga teke zaidi na zina umbo jingine la ncha, hivyo zinaweza kukwama mahali ambapo zile za mazoezi zinateleza.

Baada ya mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambako maofisa wawili wa FBI waliuawa, shirika hilo lilianza kupima risasi kwa kina zinachopenya kwenye jeli, na kina cha chini kikawekwa inchi 12, yaani karibu sentimita 30. Chagua iliyopimwa kwa njia hiyo, piga magazini kadhaa za risasi hizo hizo kwenye bastola yako, na ikikwama hata mara moja tafuta sababu kabla ya kuitegemea.

Bastola ikikwama katikati ya kituo, ni hasara?

Ni zawadi. Kukwama usikokupanga ndiko kunakofundisha. Ukivuta na ikatoa "tik" bila mlio: gonga kitako cha magazini kwa kiganja, vuta slaidi hadi mwisho na uiachie, tathmini upya kama bado kuna haja ya kupiga. Ganda likisimama juu kwenye dirisha, kitendo ni kile kile. Kama risasi mbili zinagombania chemba, kugonga hakusaidii: zuia slaidi nyuma, ng'oa magazini kwa nguvu, vuta slaidi mara tatu, weka magazini nyingine, vuta tena.

Kuna hali moja ambayo ni lazima usimame. Mlio ukiwa mdogo kuliko kawaida na teke likawa hafifu, huenda risasi imebaki ndani ya mtutu. Usigonge, usivute, usipige nyingine. Ukiifuatisha nyingine mtutu unaweza kupasuka. Huyu ndiye adui wa mazoea ya "gonga na vuta", kwa hiyo fundisha na sikio lako, si mkono tu.

Ile hesabu ya mita 6.4 inahusiana vipi?

Mwaka 1983 Dennis Tueller, mkufunzi wa polisi wa Salt Lake City, alieleza kwamba mtu wa kawaida anakimbia futi 21, yaani mita 6.4, kwa takriban sekunde 1.5, karibu sawa na muda wa kutoa bastola na kupiga. Haikuwa sheria ya lini umpige mtu, na vibaya sana kuitumia hivyo. Ilikuwa onyo kwamba umbali unaodhani ni mrefu ni mfupi.

Pima mwenyewe: kutoka chini ya nguo, kwa mlio wa taima, risasi moja katikati ya shabaha mita 6.4 mbele. Wengi wanaoanza huhitaji zaidi ya sekunde 2.5. Kumbuka pia kwamba mlio wa taima unakuambia lini uanze. Maishani utapoteza muda mwingine kutambua kwamba jambo limeanza. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni miguu: toka kwenye njia ya anayekuja, weka gari au meza kati yenu, huku mkono ukishuka kiunoni.

Niongeze nini ambacho mashindano hayana?

Sheria ya mahali unapoishi kuhusu kujihami, kutoka kwa wakili, si kutoka kwa wenzako uwanjani. Mazoezi ya mtu kwa mtu kwa risasi za rangi, chini ya mkufunzi anayehakikisha hakuna silaha halisi wala risasi halisi iliyoingia chumbani. Yatafute yale ambayo baadhi ya maigizo yanaishia kwa maneno tu. Sauti: kusema "Rudi nyuma! Usisogee!" kwa nguvu ni ujuzi, na wengi wakijaribu mara ya kwanza sauti haitoki. Huduma ya kwanza: kufunga kamba ya kubana upande wa juu wa jeraha linalovuja damu nyingi, kati yake na moyo, na kuandika saa uliyoifunga. Na tochi, kwa sababu kumtambua mtu gizani kunatangulia kila kitu.

Mazoezi bila risasi nyumbani yafanyweje?

Toa magazini, kisha vuta slaidi, kwa mpangilio huo. Ukiugeuza, chemba inajaa tena. Angalia chemba kwa macho na uiguse kwa kidole. Peleka risasi zote chumba kingine. Lenga ukuta unaoweza kusimamisha risasi. Dakika kumi, mara nne kwa wiki, zinatosha: kutoa bastola mara 20, kubadilisha magazini mara 10, kuvuta kifyatulio kwa mkono dhaifu mara 10 bila kilengeo kutikisika. Ukimaliza, sema kwa sauti kwamba umemaliza na uondoe shabaha ukutani. Ajali nyingi za mazoezi haya hutokea kwa yule "mmoja wa mwisho" baada ya bastola kurudishiwa risasi.

Ninaanza. Nibebe nini siku ya kwanza?

Miwani ya kinga, kinga ya masikio, bastola tupu ndani ya begi lake, mfuko mgumu unaofunika kifyatulio chote, mkanda imara, magazini tatu au nne, na risasi 150 hata kama tangazo linasema 100. Mwambie msimamizi kwamba ni mara yako ya kwanza. Usiguse bastola nje ya eneo la usalama, na ndani ya eneo hilo usiguse risasi. Tembea, usikimbie. Lengo la siku hiyo ni kurudi nyumbani bila kuondolewa.

Nitajuaje kwamba mchezo umeanza kuniharibu?

Umeanza kuacha bastola unayobeba nyumbani kwa sababu ile ya mashindano ndiyo inapigwa vizuri. Unakasirika mwenzako akipanga kituo chenye kinga halisi kwa kuwa kinakupunguzia kasi. Miezi sita imepita hujafanya zoezi hata moja linaloishia bila risasi. Ukiyaona mawili kati ya haya, nenda kwenye mashindano matatu yanayofuata na bastola yako ya kila siku chini ya vazi lako la kila siku, tumia kila ukuta kana kwamba upande wa pili kuna mtu anayekulenga, na uache nafasi utakayoshika iwe itakavyokuwa.